Jina la Baba Ubaoni

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi seremala mmoja mjini Moshi kuchukua kabati langu, ambalo alikuwa amenizungusha nalo kwa wiki tatu nzima. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, lipi litangulie na lipi lifuate. Nikaingia karakana, nikavuta pumzi ili nianze, na maneno yote yakayeyuka. Fundi alikuwa anapaka ubao mafuta ya kitani. Harufu ile nzito, inayokaribia ya karanga zilizofungiwa siku nyingi kwenye mkebe, ilinishika puani, na badala ya kugomba nikaomba kigoda nikae. Maskini fundi akadhani ninaumwa, akaniletea maji. Kabati nililipokea bila neno la ukali hata moja. Hasira zilinirudia nikiwa barabarani, na hazikuwa za kabati.

Wenzangu mliokulia kwenye kambi za shamba la miwa, kule tambarare chini ya mji, bila shaka mnakumbuka masizi. Miwa ilichomwa moto kabla ya kukatwa, majivu ya majani yakapanda juu, yakatembea na upepo, yakatua juu ya kila kilichoanikwa. Mama yangu alikuwa na vita yake binafsi na masizi hayo, na chanzo chake kilikuwa suruali moja nyeupe. Katika safu yetu yote ya nyumba hapakuwa na fundi mitambo mwingine mwenye suruali nyeupe. Wenzake walivaa ovaroli siku sita na ya saba wakavaa suti zao za harusi. Baba alikuwa na suruali nyeupe, shati jeupe na raba nyeupe alizozipaka chokaa, na vyote vilitakiwa vifike Jumapili bila doa. Mama alikuwa akiwauliza wanyapara ni shamba gani litachomwa siku gani, ndipo apange siku ya kufua. Wakimdanganya, alifua mara mbili, na siku hiyo sisi watoto tulitembea kwa adabu.

Suruali hiyo ilikuwa ya kriketi. Najua baadhi yenu mtacheka. Hata wakati ule watu walicheka.

Mimi mwenyewe, nilipopelekwa uwanjani mara ya kwanza, niliamini kabisa kwamba nimeletwa kwenye kanisa la Wahindi. Ilikuwa Jumapili. Wanaume wote walivaa nyeupe, wamesimama mbalimbali kwenye nyasi, kimya, wakimtazama mtu mmoja aliyeinama katikati. Wazee wawili waliovaa makoti meupe hawakufanya kazi yoyote ila kuinua kidole mara mojamoja, na yeyote aliyeinuliwa kidole aliondoka kichwa chini kama aliyetengwa na ushirika. Halafu katikati ya ibada wote wakaenda kula. Nilipoiona meza ya sambusa na kachori nikajiambia kwamba sakramenti yao inashibisha kuliko yetu. Nilipomweleza mama, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na kwa miezi kadhaa akawa anamuuliza baba kila Jumapili anakwenda ibada gani.

Baba yangu, Elia, alitoka Njombe. Alikuja akiwa kijana kutafuta kazi, akaipata kiwandani, akampata na mama, binti wa Masama. Babu, yaani baba yake mama, hakumsamehe kwa hilo la pili. Alimwita chasaka, ndivyo Wachagga wanavyomwita mtu asiye wa mlimani, na alimwita hivyo hata akiwepo, kwa sauti ileile ambayo angemwitia mtu kwa jina lake. Baba aliitika. Hilo lilinikera tangu nikiwa mdogo sana. Kila mtu alimwita alivyotaka, na baba akaitika.

Aliyemwingiza kwenye kriketi alikuwa mkuu wake wa kazi, Bwana Ramesh, mhandisi wa karakana ya kiwanda. Huyu alikuwa Mhindi aliyezaliwa Moshi na kukulia Moshi, anayewasalimia akina mama wa sokoni kwa Kichagga mpaka wakampunguzia bei bila kukusudia. Uwanjani ndiye aliyekuwa kapteni wa timu ya shamba. Siku moja baba alikuwa anapita na baiskeli, mpira ukamfikia njiani, akaurudisha kwa mkono mmoja bila kushuka, ukaenda moja kwa moja kwenye vijiti vitatu vilivyosimikwa uwanjani na kuviangusha. Bwana Ramesh akamwita. Ndani ya miaka miwili baba alikuwa mpigaji, na wanaojua walisema ni mpigaji hasa. Alisimama wima, hana papara, mpira unamjia na yeye anausubiri kana kwamba ana habari zake. Akiupiga, sauti yake ilikuwa kavu na fupi. Jumamosi jioni alikaa kwenye kizingiti na gongo lake la kupigia mpira mapajani, akilipaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, taratibu, mpaka nyumba nzima inanuka.

Kwa asiyejua mchezo, niseme machache tu. Wapigaji wako wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye ncha yake ya njia fupi, na kila ncha ina vijiti vitatu. Mmoja akipiga mpira mbali, wote wawili hukimbia kubadilishana ncha, na kila wakibadilishana ni mkimbio mmoja kwa aliyepiga. Wapinzani wakiuwahi mpira na kuviangusha vijiti kabla mkimbiaji hajafika, huyo ametoka, siku yake imekwisha. Anayeamua kama mtakimbia ni sauti ya mmoja wenu: njoo, au baki. Basi.

Ligi yetu ilikuwa na timu za mjini, moja ya Arusha, moja ya mashamba ya katani, na sisi. Kwenye nyumba ya klabu mjini, ukutani, palikuwa na ubao mrefu wa mninga. Kila msimu ulipokwisha, mchora mabango aliitwa kuandika kwa rangi ya dhahabu jina la mpigaji aliyekusanya mikimbio mingi kuliko wote. Nilipojua kusoma, ubao huo ulikuwa kitabu changu. Niliusoma kwa kidole wakati baba anavaa raba. Juu yalikuwa majina ya Wazungu, yenye herufi zisizotamkika. Yakafuata ya Wahindi, moja baada ya jingine, la Bwana Ramesh halimo. Jina la Mwafrika hata moja halikuwepo, na huo ulikuwa mwaka wa kumi na kitu tangu tupate Uhuru. Chini kabisa palibaki nafasi tupu ya majina mawili au matatu.

Nafasi ile niliitaka. Niliitaka kuliko viatu, kuliko sherehe ya Krismasi, kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka kabla ya kuwa mtu mzima. Shuleni walikuwa wakinitania kwamba baba yangu anacheza mchezo wa kusimama na kunywa chai. Mwalimu wetu wa Siasa aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa, akaniuliza kama mchezo wa mabwanyenye unamfaa mfanyakazi wa nchi ya kijamaa. Nilimjibu kwamba shamba sasa ni mali ya umma, kwa hiyo na uwanja wake ni mali ya umma, na baba anautumia. Mwalimu alicheka, akaniambia nikae. Lakini jibu nililolitaka hasa lilikuwa lile la dhahabu ukutani. Nilikuwa nimekwisha kulitangaza. Niliwaambia darasa zima kwamba mwaka huu jina la baba yangu litaandikwa. Nilipanda mpaka Masama nikamwambia na babu.

"Jina litaandikwa wapi?" babu aliuliza.

"Ukutani, mjini. Kwa dhahabu."

"Na hilo jina linakamuliwa maziwa?"

"Utaliona tu, babu," nilimwambia, na machozi yakiwa karibu. "Utakwenda mwenyewe utaliona."

Na msimu ule, kwa kweli, haikuwa ndoto ya mtoto. Ligi nzima ilikuwa imebaki na wapigaji wawili. Mwenye duka la dawa mjini, aliyekuwa ameandikwa ubaoni mara mbili, alianza vizuri akaishia kuumwa mgongo. Wa Arusha walikuwa wakipanda na kushuka. Waliobaki juu walikuwa wetu wote wawili, kapteni na baba. Nilikuwa nimechora mistari ya mkaa kwenye ukuta wa jikoni, upande huu baba na upande huu kapteni, na kila Jumapili nikiongeza. Mama aliuacha ukuta ule uchafuke, yeye ambaye alipigana na kila chembe ya masizi. Tulipofikia mchezo wa mwisho, baba alikuwa nyuma kwa mikimbio tisa.

Mchezo huo ulikuwa mjini, kwenye uwanja wa klabu yenye ubao. Tulikwenda na lori la kubebea miwa, wachezaji na familia zao pamoja, tumekalia magunia, mama amebeba chungu cha machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, ambacho hakuruhusu mtu kukigusa. Bwana Ramesh alikwenda na Land Rover yake. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, mweupe juu, na nikauchukua kuwa ni ishara yangu. Mtoto akitaka kitu sana, hata mlima anaupangia kazi.

Sisi ndio tulioanza kupiga. Wenzetu wawili walitoka mapema, na baada yao wakabaki uwanjani baba na kapteni, kila mmoja kwenye ncha yake. Nilikaa chini ya mjakaranda na mama, na karatasi na kalamu ya risasi. Sijawahi kumwona baba akipiga vile. Alipiga mpaka wale wazee wa mjini waliokaa kwenye viti vya kukunja, waliokuwa wakizungumza habari zao kwa Kigujarati, wakanyamaza mmoja mmoja. Kapteni naye alikuwa akipiga, lakini kwa shida. Alikimbia kwa uzito, na baada ya kila mkimbio alisimama ameegemea gongo. Nilipohesabu mara ya tatu, ili nisijidanganye, baba alikuwa amepata arobaini na mmoja na kapteni ishirini na sita. Nilitoa, nikalinganisha na ukuta wetu wa jikoni. Baba alikuwa mbele kwa sita.

"Mama, amempita," nilisema.

"Tulia. Usitamke," mama alisema, na kanga yake alikuwa ameishika kwa meno.

Hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho nimekitazama moyoni mara nyingi kuliko picha yoyote. Kapteni aliupiga mpira pembeni, si mbali, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwetu: "Njoo!" Baba akatoka mbio kutoka ncha yake. Kapteni naye akakimbia hatua nne tano, wakapishana, kisha akasita, akasimama katikati ya njia na mkono juu ya goti. Baba hakuwa na habari za nyuma yake. Alifika ncha ya pili, akaweka gongo ndani ya mstari. Alikuwa salama. Aliyebaki nje, bila ncha ya kukimbilia, alikuwa kapteni: moja ilikuwa na baba, na ya pili goti lisingemfikisha. Mwarusha aliyeazimwa na timu ya mjini aliuokota mpira akautupa kwa pupa, ukaenda kombo, ukampita mwenzake aliyekuwa akiusubiri kwenye vijiti vya ncha ile aliyoiacha baba, na mwenzake ikabidi aufuate.

Kwa hiyo palikuwa na muda. Si mwingi, lakini ulikuwepo, na katika muda ule kila aliyekuwa pale aliona mambo mawili. La kwanza, kwamba kapteni anatoka, msimu wake umekwisha, na baba yangu ndiye wa kwanza katika ligi. La pili, kwamba baba ameinua macho, amemtazama kapteni, na ametoka ndani ya mstari.

Alirudi. Alikimbia kuelekea kule alikotoka, akampita kapteni pale katikati, na alipompita alimwambia kitu na kumsukuma kidogo begani, kumwelekeza kwenye ncha iliyo salama. Kapteni akachechemea mpaka mstarini. Baba akaendelea kukimbia kuelekea kwenye vijiti ambavyo kila mtu aliona hatavifikia, na sidhani kama alikuwa na nia ya kuvifikia. Mpira ulirudi, vijiti vikaanguka, mzee wa koti jeupe akainua kidole. Baba akavua glavu, akaweka gongo kwapani, akatembea kutoka uwanjani. Wazee wa viti vya kukunja walisimama wakampigia makofi. Mimi niliivunja kalamu yangu.

Kapteni alibaki uwanjani, akaendelea kwa mwendo wake wa kuchechemea, akipiga mipira ya kufika kwenye kamba ya ukingo, ambayo huhesabiwa mikimbio bila mtu kukimbia, mpaka akafikisha hamsini na moja. Tulishinda mchezo. Jioni, mbele ya nyumba ya klabu, mwenyekiti alimtangaza Bwana Ramesh kuwa mpigaji bora wa msimu. Baba ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Bwana Ramesh alimshika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia haraka. Nilimwangalia baba akiwa amesimama mbele ya mkuu wake, ameinamisha kichwa kidogo, anatabasamu, na nilimwona sawasawa na nilivyomwona kiwandani kila nilipompelekea chakula: amesimama pembeni ya mashine, spana mkononi, anasema "sawa bwana, sawa bwana." Nilimwona anavyoshuka kwenye baiskeli na kusogea majanini Land Rover ile inapopita. Nilimwona anavyoitikia kuitwa chasaka. Yote yalikuwa kitu kimoja. Baba yangu alikuwa ameshinda, akaogopa, akarudisha ushindi kwa mwenyewe.

Kwenye lori, wakati wa kurudi, watu walikuwa wakiimba. Nilisubiri wimbo ukatike. Sijui kwa nini nilisubiri, labda nilitaka nisikike.

"Baba, ulimwogopa," nilisema. "Ulimwogopa Bwana Ramesh. Wewe unamwogopa kila mtu."

Kila mtu alisikia. Mzee mmoja wa kiwandani alitoa kicheko kifupi, kisha akakimeza. Mama alinifinya paja mpaka ngozi ikajikunja, akasema, "Funga huo mdomo." Baba alinitazama. Nilingoja anipige, au anikatalie, au hata acheke. Hakufanya lolote. Aligeuza uso akatazama mashamba, na lori likateremka kuelekea nyumbani bila wimbo mwingine.

Shuleni kesho yake niliulizwa kuhusu jina. Nilisema mchora mabango amesafiri. Nikaendelea kusema hivyo mpaka wenyewe wakachoka kuuliza. Masama sikwenda mpaka likizo nyingine, na babu aliponiona aliendelea kumkatia ng'ombe wake majani. Mistari ya mkaa jikoni niliifuta kwa tambara bovu na maji, na ukuta ukabaki na doa la kijivu.

Nataka niwe mkweli hapa. Kuanzia siku ile nilimdharau baba yangu. Sikumkosea adabu, nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, nilimpelekea chakula, lakini ndani nilikuwa nimekwisha kumweka mahali pake. Nilimwona Jumamosi jioni kizingitini akilipaka gongo mafuta, tena kwa bidii kuliko zamani, na nikapita bila kumwangalia. Alianza kukimbia alfajiri kabla ya king'ora, kwenda na kurudi kwenye barabara ya mfereji. Alimwomba mama ampunguzie suruali kiunoni. Mimi nilijiambia: anajiandaa kwenda kumpigia mtu mwingine makofi.

Ulipofika wakati wa ligi, ligi haikuwepo. Mnaukumbuka mwaka ule. Mvua zilikataa, tukapanga foleni ya unga wa njano ambao mama alisema unafaa kupakia ukuta. Mafuta ya magari yakawa adimu, ikatoka amri kwamba Jumapili magari yasitembee, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kriketi. Wa Arusha wakaandika barua kwamba hawawezi kuja. Mipira ilitoka ng'ambo, na pesa za kigeni zilikuwa na kazi nyingine. Kisha ikaja kampeni ya kulima kila palipo wazi, na uwanja wetu, ule wa shamba, ukalimwa, ukapandwa mahindi mpaka karibu na kibanda cha kubadilishia nguo. Sikuona ubaya. Watu walikuwa na njaa. Baba mwenyewe alishika jembe akapewa safu zake, na safu hizo zilipita pale pale katikati ambapo nyasi zilikuwa zimekatwa fupi kwa miaka mingi.

"Mwaka ujao mvua zikija tutaupata," nilimsikia akimwambia mama.

Mwaka huo ulipofika, Bwana Ramesh na familia yake walihamia Kanada. Ule uliofuata, wa mjini walikuwa wamebaki wachezaji saba. Baba aliendelea kupaka gongo mafuta kwa miaka miwili, labda mitatu, halafu nadhani mafuta yenyewe yakakosekana madukani. Gongo lilipanda juu ya kabati na halikushuka. Hakuna jina lililoandikwa ubaoni baada ya lile la Bwana Ramesh.

Nilikua, nikaondoka, nikafanya kazi ofisi tatu na kugombana na wakuu wa ofisi zote tatu. Mbili niliacha mwenyewe, moja waliniacha. Kila nilipofungua mdomo mbele ya mkubwa, hata pale ambapo kunyamaza kungenifaa, nilikuwa nikimjibu mtu mmoja aliyesimama pembeni ya mashine na spana. Nilijivunia hilo. Nilisema mimi si mtu wa kuuacha mstari wangu.

Basi siku ile ya seremala, baada ya kabati kupakiwa kwenye gari la mizigo, sikwenda nyumbani. Nilimwelekeza dereva alipeleke kwa jirani yangu, mimi nikapanda basi la Bomang'ombe, ambako wazazi wangu walijenga baada ya baba kustaafu. Mama hayupo tena, lakini baba yupo, ana zaidi ya miaka themanini na masikio mazima. Nilimkuta kibarazani na ungo wa maharage, anachagua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mbona bila taarifa? Kuna msiba?"

"Hakuna." Nikakaa. Nikaona nisipouliza wakati huo, nikiwa bado na hasira za barabarani, sitauliza tena. "Baba, siku ile mjini. Kwa nini ulirudi?"

Hakuniuliza siku gani. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, moja, jingine, akiyaweka kwenye ukingo wa baraza.

"Ramesh aliniambia asubuhi ile kwamba ndio mchezo wake wa mwisho," alisema. "Goti lilikuwa limekwisha. Daktari alishamkataza. Amecheza miaka ishirini, hajaandikwa hata mara moja. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na miwili, sijaumwa hata kidole. Nikaona, mwache huyu aandikwe apumzike. Mimi nipo."

"Kwa hiyo hukumwogopa."

"Kazini nilimwogopa sana. Angeweza kunifukuza." Alicheka kidogo. "Uwanjani nimwogope kwa lipi? Nilikuwa nampita."

Nilitaka kukasirika naye na sikujua nianzie wapi.

"Sasa mbona hukuniambia? Pale kwenye lori nilikwambia maneno yale, ukanyamaza. Miaka yote hii, baba. Neno moja tu lingetosha."

Aliacha maharage. Aliniangalia kama alivyoniangalia kwenye lori, na nikaelewa kwamba hakuwa amesahau chochote, hata mpangilio wa maneno yangu.

"Uliniita mwoga mbele ya watu wote, mama," alisema. "Hilo halijibiwi kwa mdomo. Nilipanga nikujibu msimu uliofuata."